Shujaa si Malaika

Msomaji, yako mashauri mawili ambayo vijana hupewa juu ya tendi za kale za Wayunani. La kwanza husema, "Wasomeni mashujaa hawa, mwige mwenendo wao." La pili husema, "Msiwasome kabisa, maana ni wauaji na waongo." Mashauri haya huonekana kama maadui, lakini ni watoto wa mama mmoja. Yote mawili hudhani kwamba kijana hana akili ya kumtazama mtu mkuu na kuyapima matendo yake moja baada ya jingine. Mimi nayapinga yote mawili.

Mtazame Achilles, shujaa wa Iliad, utenzi wenye vitabu 24 ambao Wayunani walimpa Homer sifa ya kuutunga. Neno la kwanza la utenzi huo katika Kiyunani ni hasira. Agamemnon, mkuu wa jeshi lililouzingira mji wa Troy, alimnyang'anya Achilles mateka aitwaye Briseis, aliyekuwa tuzo yake ya vita. Achilles alidhulumiwa, wala sikatai. Lakini aliidaije haki yake? Alijitenga na vita, akamtuma mama yake Thetis amwombe Zeus awape adui ushindi, ili Wayunani wafe na kuijua thamani yake. Waliokufa walikuwa askari wasiomkosea neno. Mwishowe akafa Patroclus, rafiki wa moyo wake, kwa mkono wa Hector. Hapo Achilles akarudi vitani kama moto wa nyika. Akamwua Hector, akamfunga nyuma ya gari lake la farasi na kumburura mavumbini. Akawachinja vijana 12 wa Troy penye kuni za maziko ya Patroclus.

Huyu ndiye wa kuigwa? Hasha!

Je, basi afichwe? Hivyo ndivyo alivyotaka Plato katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha Jamhuri, kwa kinywa cha Socrates, alikataa vijana wa dola yake bora wasikie kwamba Achilles alilia na kugaagaa, au kwamba aliburura maiti na kuchinja mateka. Namheshimu Plato, lakini heshima haimfungi mtu kinywa. Ukiyaondoa machozi na ukatili, umekiondoa kitabu cha mwisho, ambacho ndicho taji la utenzi. Humo mzee Priam, baba wa Hector, anaingia usiku katika kambi ya adui, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Achilles anamkumbuka baba yake mwenyewe, na wote wawili wanalia. Kisha anaitoa maiti, anamlisha mzee, na kumwahidi siku 11 za kusimamisha vita kwa ajili ya matanga na mazishi. Nani angejua uzito wa huruma ile kama hakuujua ukatili uliotangulia?

Wako watakaosema, "Usiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo." Neno hili lina sura ya hekima, lakini mizani imo ndani ya utenzi wenyewe. Mungu Apollo, mbele ya baraza la miungu, anamshutumu Achilles kwamba ameipoteza huruma, wala hana haya. Mshairi hakungoja sisi tuzaliwe ndipo ajue ubaya.

Wengine watakimbilia kwa Hector, mume mwema na mlinzi wa mji wake. Kweli alikuwa hivyo. Lakini Hector huyo huyo alitaka kuikata maiti ya Patroclus kichwa, na aliukataa ushauri wa Polydamas wa kulirudisha jeshi ndani ya kuta. Watu wengi wakaangamia kwa ukaidi wake, naye akaona haya kurudi mjini. Odysseus naye, mwerevu na mvumilivu, aliwalaumu wachumba wa mkewe kwa kuwalazimisha wajakazi wake kulala nao. Kisha akaamuru wajakazi 12 wauawe kwa kosa la kulala na wachumba hao hao. Mwanawe Telemachus akawanyonga. Mshairi hakupita mbio mahali pale. Alituonyesha miguu yao ikitapatapa kitambo kidogo, kama ndege walionaswa wavuni.

Msomaji, jambo hili si la darasani tu. Anayezoea kumsamehe Achilles kila kitu kwa sababu ya mkuki wake, kesho atamsamehe mkubwa wa nchi yake kila kitu kwa sababu ya jina lake. Na anayezoea kumtupa shujaa mzima kwa kosa moja, hatapata duniani mtu wa kujifunza kwake, wala yeye mwenyewe hatavumilika mbele ya mizani yake. Wa kwanza atakuwa mtumwa. Wa pili atakuwa mpweke.

Basi zisome tendi hizi bila kurukia ukurasa. Achilles anapoua mateka, sema ni uovu. Anapolia na Priam, sema ni wema. Usiruhusu wema uufute uovu, wala uovu uufute wema. Mti wenye miiba huweza kuzaa tunda tamu. Mwenye busara hulichuma tunda, wala hadanganyi watu kwamba miiba haipo.