Kupanga nyumba kwa siku tatu nako ni akdi

  

Ndugu Waislamu, zamani familia ya Mwanza au Shinyanga iliyotaka kupumzika siku za Idi ilikwenda kwa shangazi au kwa mjomba, watoto wakalala kwenye mikeka sebuleni, na mambo yakaisha kwa dua na mfuko wa mchele. Siku hizi familia hiyo hiyo hutafuta nyumba ya kupanga kwa siku mbili au tatu. Sababu zake ni za heshima wala hazistahiki kubezwa. Nyumba nyingi za kulala wageni zina baa mlangoni na muziki usiku kucha, vyumba vyake ni vya mtu mmoja mmoja, na jiko la familia halipo. Baba mwenye mabinti na mama mzee anatafuta sitara, nayo huipata kwenye nyumba nzima yenye ukuta na jiko lake.

Hapa Nassa, wilayani Busega, kando ya Ghuba ya Speke, jambo hili tunaliona kwa macho. Barabara kuu iendayo Musoma kutoka Mwanza inatupitia, mji wa Lamadi uko jirani, na ukishavuka Lamadi, lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti si mbali. Maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi, Bariadi, kuanzia mwaka 2018, wengi katika mkoa wetu wa Simiyu walizinduka kwamba nyumba iliyofungwa kwa kuwa mwenyewe yuko mjini yaweza kumletea riziki. Riziki hiyo ni ya halali. Lakini kwa kuwa mambo haya ni mageni kwetu, wapangaji na wenye nyumba tunayaingia kama watu wanaovuka mto wasioujua kina chake.

Nitasimulia kisa kimoja, nacho kimenifanya niandike. Familia moja ilipanga nyumba huku kwetu kwa siku tatu za Idi. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Waliletewa picha kwenye simu na dalali: nyumba yenye bati jipya, tangi kubwa la maji na miti ya kivuli. Wakatuma fedha zote kwa simu, kwa namba ya dalali. Walifika Magharibi imekaribia, ndani ya Hiace moja, watu kumi na watatu, miongoni mwao bibi asiyeweza kutembea bila mkongojo. Tangi lilikuwapo kama picha ilivyoonesha, ila lilikuwa kavu. Mita ya LUKU ilikuwa imebakiwa na yuniti zisizofika asubuhi. Mwenye nyumba naye, alipoiona ile Hiace ikiteremsha watu, akashika kichwa, kwa kuwa aliambiwa wanakuja sita. Tena mkononi mwake ilikuwa imefika nusu tu ya fedha.

Majirani tuliitwa kusuluhisha. Nilichokiona usiku ule ni kwamba wale wawili kila mmoja aliapa kuwa amedhulumiwa, na wote wawili walikuwa wakweli. Mpangaji hakuulizwa idadi ya watu, naye hakuitaja. Mwenye nyumba hakuulizwa maji, naye hakuyataja. Dalali alizima simu. Bibi alilala nyumba ya jirani, fedha za kuwapeleka watoto Serengeti zikaishia kwenye maji ya kununua na umeme, na watu waliokuja kusherehekea Idi waliondoka hawasemezani na mwenyeji wao.

Wapenzi wasomaji, sheria yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Kupanga nyumba, hata kwa usiku mmoja, ni ijara, na ijara ni akdi inayofanana na kuuziana, isipokuwa kinachouzwa ni manufaa ya kitu wala si kitu chenyewe. Ili isimame ni lazima yajulikane manufaa, muda na ujira. Yasipojulikana, imeingia gharari, yaani ujinga wa jambo unaozaa ugomvi, na Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari kama alivyopokea Imamu Muslim. Neno “nyumba” peke yake halijabainisha manufaa. Vyumba vingapi? Watu wangapi? Maji ya bomba, ya kisima au ya kununua kwa ndoo? Umeme anaulipa nani? Siku inaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi? Huu ndio “ukaguzi” ambao sisi tunauona ni ukosefu wa adabu, hasa tunapozungumza na Mwislamu mwenzetu. Tunasema, “Sisi ni ndugu, tutaelewana.” Nimeona mara nyingi kwamba maneno hayo ndiyo mwanzo wa kutoelewana.

Picha ya simu inanikumbusha hadithi ya lundo la nafaka. Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akajitetea kwa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akatoa onyo kali juu ya mwenye kughushi. Picha tunazotumiwa ni juu ya lundo. Mwenye nyumba anayepiga picha tangi huku akijua halina maji wiki ya pili, au anayepiga picha ufuko wa ziwa akanyamaza kuhusu hatari zake, ajipime mwenyewe kwa hadithi hiyo. Na kuhusu ziwa nisipite haraka: maji ya Ziwa Victoria yana kichocho, na kuna mahali pana mamba na viboko. Mtoto wa Shinyanga asiyelizoea ziwa atakimbilia majini dakika ya kwanza. Kumwambia baba yake mapema wapi pasiogelewe ni wajibu wa mwenyeji kabla hajahesabu pango.

Je, inafaa kupanga nyumba ambayo hujaiona? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba kisichoonekana hakiuzwi, na nyumba isiyoonekana haipangwi. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu, lakini wakampa mpangaji khiyari: akiiona na asiridhike, aweza kuvunja akdi. Ukiyatazama haya kwa makini utaona kila upande unamlinda yule asiyeona. Kwa hiyo nawashauri wanaoanza: tafuta jicho la kukuonea. Wakala anayekuona ni kama wewe umeona. Huna jamaa Nassa? Pigia simu Waislamu wa msikiti wa Lamadi au wa Magu, uliza nani mwaminifu aweza kwenda, umlipe nauli ya bodaboda na jasho lake. Afungue bomba, awashe taa, ahesabu vitanda na vyandarua, ajaribu kufuli la chooni. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na Hiace ya watu kumi na watatu waliokwama usiku.

Kuagiza mapema kwa ajili ya siku zijazo, hilo lina asili. Imamu Bukhari katika mlango wa ijara ameleta kisa cha Hijra: Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) walimwajiri Abdullah bin Urayqit, mtu wa dini ya Makuraishi, awe kiongozi wao wa njia, wakamkabidhi ngamia wawili na kuagana naye wakutane penye pango la Thawr baada ya usiku wa tatu. Mtu huyo hakuwa Mwislamu, roho yake ingeweza kutajirika kwa kuwasaliti, na bado alifika alfajiri aliyoagizwa. Sisi wenye simu mkononi tunashindwa kumwarifu mtu kwamba nyumba yake tumempa mwingine aliyeongeza bei. Mafaqihi wa Kishafii wana masharti zaidi katika ijara ya nyumba kwa wakati ujao, ila jumhuri ya wanazuoni wameiruhusu, na kwa vyovyote vile kuvunja ahadi ya namna hiyo si tabia ya muumini.

Sasa nije kwenye fedha, ambako ndiko machozi hutoka. Neno letu la Kiswahili “arubuni” limetokana na Kiarabu, nalo lina mjadala wake mrefu. Mtu ametanguliza sehemu ya pango, kisha akaghairi: je, mwenye nyumba ale fedha ile? Wanazuoni wa Kihanafi, Kimaliki na Kishafii walikataza. Imamu Ahmad bin Hanbal aliruhusu, akitegemea kisa cha Nafi' bin Abdul-Harith aliyemnunulia Umar (R.A.) nyumba ya Safwan bin Umayya mjini Makka ili iwe gereza, kwa sharti kwamba Umar asiporidhia Safwan abaki na kiasi maalumu cha fedha. Mwaka 1993 Baraza la Fiq'hi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei, liliamua kwamba arubuni inafaa katika mauziano iwapo muda wa kungoja umewekewa mpaka. Mimi naona hukumu hiyo inawafaa watu wetu, kwa kuwa mwenye nyumba aliyewakataa wengine kwa ajili yako amepata hasara ya kweli. Lakini liwe sharti lililotamkwa kabla: arubuni ni kiasi gani, na ukighairi kabla ya siku gani utarudishiwa. Sharti linalozaliwa baada ya ugomvi si sharti. Na mwenye nyumba akighairi yeye, arudishe yote, bila visingizio vya makato ya simu.

Usitume pango lote kwa mtu usiyemjua, kwenye namba ambayo jina lake si la mwenye nyumba. Tuma arubuni, salio lilipwe ufunguo ukiwa mkononi. Allah (S.W.) katika aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ameamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, nasi tunaona uzito kuandika ujumbe mmoja wa simu wenye tarehe, idadi ya watu na bei! Ukigundua ni tapeli, ripoti polisi, na namba yake itume kwenye 15040 kama Mamlaka ya Mawasiliano ilivyoelekeza, ili asimlize mwingine.

Mpangaji naye ana mizani yake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Uliyepanga kwa watu sita ukaleta kumi na watatu, umetumia manufaa ya watu saba bila ujira. Hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake mpaka mwenyewe arejeshewe au asamehe. Tumezoea kwamba mgeni huletewa, haulizwi. Hilo ni kwa mgeni wa ukarimu, ambaye Mtume amemwekea siku tatu. Wewe ni mpangaji.

Jiko halina budi kutajwa, hasa kwetu ambako Waislamu ni wachache na nyumba nyingi zinazopangishwa ni za majirani zetu Wakristo. Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vyombo vya Ahlul-Kitabu, akajibiwa kwamba wakipata vingine wasivitumie hivyo, na wasipopata wavioshe kisha wavitumie. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Basi beba sufuria zako mbili na kisu. Zisipotosha, osha vya mwenyeji na upike kwa amani, bila kumkunjia uso mtu aliyekukaribisha. Kibla cha Nassa ni kaskazini, kikiinama kidogo mashariki. Na aliyesafiri masafa ya kupunguza sala, akanuia kukaa chini ya siku nne kamili mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, Mashafii wanamhesabu bado msafiri.

Jambo la mwisho ni faragha. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 hadi 29, Allah (S.W.) amekataza kuingia nyumba zisizo zetu bila kuomba idhini na kutoa salamu, kisha akaondoa lawama kwa nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake tuna manufaa. Baadhi ya wafasiri wamesema hizo ni pamoja na nyumba za njiani wanazoshukia wasafiri. Ila msafiri akishaweka mizigo na mkewe akavua mtandio, nyumba ile inakaliwa, na mwenye nyumba amekuwa mtu wa nje katika nyumba yake mwenyewe. Hana ruhusa ya kuingia na ufunguo wa akiba ati anatazama tangi. Abishe mara tatu, asipojibiwa arudi. Wenye nyumba wa Kiislamu wanaoogopa nyumba zao kugeuzwa za ulevi na uzinifu wana haki ya kuogopa, lakini dawa ni kutamka sharti wakati wa kupatana: nyumba hii ni ya familia, pombe haiingii. Kuchungulia dirishani ni kupeleleza, nako kumekatazwa katika Surat Al-Hujurat.

Yule mwenye nyumba wa Idi ile nilimpitia miezi michache baadaye. Amebandika karatasi nyuma ya mlango, kwa mwandiko wa binti yake: watu wasizidi wanane, LUKU inaachwa na yuniti ishirini na zinazozidi ni za mpangaji, maji huja Jumanne na Ijumaa, watoto wasiende ziwani peke yao. Chini kabisa kuna mshale mdogo wa kibla. Fedha za watu saba waliozidi, alisema, baba wa ile familia alimtumia mwenyewe, bila kudaiwa.