Ukuta wa Kasa na Mtaro Ulio Chini Yake



Bi harusi mmoja alinijia dukani akitaka gauni la rangi ya maji ya bahari, lianze jepesi kifuani na likoze hadi kwenye pindo. Nikamuuliza mbona hataki nyekundu wala dhahabu kama wenzake. Akacheka. "Da' fundi, nitapigwa picha kwenye ukuta wa kasa."

Ukuta huo naujua, uko Ng'ambo kwenye njia yangu ya kila siku. Zamani ulikuwa na ukungu na matangazo ya waganga. Vijana wakausafisha, wakapaka buluu, wakachora kasa mkubwa, kundi la changu, mwani na jahazi lililotweka tanga. Sasa watoto wakitoka chuoni husimama kuhesabu samaki. Hata mimi niliyechoka na cherahani nikifika pale roho hutulia.

Wapo wanaosema ni upotevu wa pesa, na wapo wanaoogopa picha za viumbe. Kwa hili la pili, mimi ni fundi wa nguo, sitoi fatwa. Wanazuoni wana kauli zao, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Ila bahari si samaki tu. Ina mawimbi, mikoko, mwani na ngalawa, na vyote vinapendeza ukutani. Mafundi wetu wa milango ya Mji Mkongwe walichonga minyororo, maua na mawimbi, na hata samaki wakamgeuza nakshi.

Kuhusu pesa, nasema uzuri una kazi yake, na wenzetu wameutumia kufundisha. Kule Napier, New Zealand, mradi uitwao Sea Walls ulianza mwaka 2016 kuwaleta wachoraji wapake kuta za mji kwa picha za bahari. Kila picha inabeba jambo la kumfikirisha mpita njia, kama uvuvi uliopindukia au taka za plastiki. Hapo ndipo ninapotaka tufike na sisi, maana kwetu tumesimama kwenye rangi.

Siku ya picha nilikwenda kumsaidia bi harusi wangu kushika pindo. Mpiga picha akawa anamwambia, "Sogea kulia, bado kidogo, ili hizi taka zisionekane." Chini ya yule kasa mzuri kuna mtaro. Ulikuwa umejaa chupa za maji, nailoni na maji meusi. Nikiinama kunyanyua gauni nikaona vipande vya lesi ya zambarau. Nilivitambua papo hapo. Ni lesi niliyoikata mwenyewe wiki ile.

Niliona haya, dada zangu. Kosa si la msichana anayenisaidia dukani. Mimi ndiye sikuwahi kumwonesha pa kutupa. Lesi na satini nyingi tunazoshona siku hizi ni polista, nayo ni plastiki, haiozi kama pamba. Mvua ikinyesha, mtaro huchukua vyote mpaka baharini. Huko kasa huona mfuko unaoelea akadhani ni konyeza, akaumeza. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini nailoni za kufungia vitambaa na vifuko vya shanga bado tunavyo tele.

Basi tunamchora kasa ukutani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tunampelekea mauti yake. Na bahari hiyo ndiyo inayotupa kitoweo, ndiyo inayowalisha mama zetu wa mwani kule Paje na Jambiani.

Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alitufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Hakusema tukiondoe kwenye picha.

Mimi nimeweka gunia dukani. Vipande vyote huingia humo, na ndivyo tunavyojazia mito ya makochi. Mito miwili ya kwanza nilimzawadia yule bi harusi. Nanyi mnaojiandaa kuolewa, mkipanga siku ya picha, wapelekeni mashoga wawili watatu na ufagio asubuhi yake. Kwenye shughuli wekeni mapipa ya maji na vikombe vya kuosha, chupa zipungue. Na nyinyi vijana wachoraji, Mwenyezi Mungu awabariki mikono. Mkimaliza ukuta, kaeni na wenye mtaa mkubaliane nani atafagia chini yake na siku gani.

Nataka kuta hizi ziongezeke. Nataka pia bi harusi asimame popote apendapo mbele yake, bila kuambiwa asogee.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.