Anayefunga mlango wa soko atoe sababu, Paris hata Kasulo

Tarehe 1 Julai 2019, Mamlaka ya Ushindani ya Ufaransa iliitoza faini ya euro 250,000 kampuni ya Bikeurope, msambazaji wa baiskeli aliye chini ya kundi la Trek la Marekani. Kosa halikuwa baiskeli mbovu wala kodi iliyokwepwa. Kampuni hiyo iliwabana wenye maduka kwa mkataba: baiskeli ikabidhiwe mteja dukani, ana kwa ana. Kwa sharti hilo moja, duka lililotaka kuuza kwa intaneti na kumpelekea mteja mzigo hadi nyumbani lilifungiwa mlango.

Miezi michache kabla, Oktoba 2018, mamlaka hiyohiyo iliitoza Stihl, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza misumeno ya mota, faini ya euro milioni 7 kwa sharti la aina hiyo. Hoja ya usalama ilikuwa na uzito, maana msumeno unaweza kuua. Hata hivyo uamuzi ulikuwa kwamba kupiga marufuku mauzo ya mtandaoni kulizidi kile ambacho usalama ulihitaji.

Mkazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi mkoani Lualaba, anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Baiskeli, au kinga kama wenyeji wanavyoiita, kwake ni gari la mizigo, na vipuri vyake hununuliwa sokoni bila kumuuliza mtengenezaji aliye ng'ambo. Lakini swali lililoamuliwa Paris ndilo linaloisumbua Kasulo kwa miaka mingi: mwenye nguvu anapoamua nani auze, amuuzie nani na kwa njia gani, ni nani anayemdai sababu?

Mtaa uliogeuka mgodi

Mwaka 2014 habari zilienea kwamba chini ya nyumba za Kasulo kuna heterojeniti, jiwe lenye kobalti nyingi. Muda si mrefu mashimo yalichimbwa uani, jikoni na hata ndani ya vyumba vya kulala. Mahandaki yaliporomoka, watu wakafa, nyumba zikapasuka. Januari 2016 shirika la Amnesty International, likishirikiana na shirika la Afrewatch la Kongo, lilichapisha ripoti iliyofuata kobalti ya wachimbaji wadogo wa eneo hili hadi kwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, CDM, tawi la Huayou Cobalt ya China, na kutoka huko hadi kwenye betri za bidhaa zinazouzwa duniani kote.

Mwaka 2017 serikali ya mkoa ilichukua hatua. Sehemu ya mtaa ilitengwa, wakazi wakalipwa fidia ili wahame, eneo likazungushiwa ukuta. Wachimbaji waliingia kupitia ushirika, na langoni watoto walizuiwa. Ndani ya ukuta huo mnunuzi alikuwa mmoja tu: CDM.

Hapo ndipo Kasulo inapokutana na maduka ya baiskeli ya Ufaransa. Ukuta una sababu inayoeleweka, kwa kuwa hakuna anayetaka mtoto wa miaka 12 ashuke shimoni. Lakini ukuta unaomzuia mtoto kuingia haueleze kwa nini mtu mzima mwenye kadi ya uchimbaji asimuuzie mnunuzi mwingine mwenye kibali. Hayo ni masharti mawili. La kwanza linalinda uhai, la pili linalinda bei ya mnunuzi. Yakifungwa pamoja katika kifurushi kimoja kinachoitwa usalama, la pili hupita bila kuulizwa.

Ulaya iliyatenganisha masharti ya namna hii baada ya kesi nyingi. Tarehe 13 Oktoba 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya vipodozi ya Pierre Fabre kwamba kuwakataza kabisa wauzaji kuuza kwa intaneti ni kubana ushindani, isipokuwa kuwe na sababu ya kweli. Tarehe 6 Desemba 2017, katika kesi ya Coty, mahakama hiyo ilikubali kwamba mtengenezaji wa bidhaa za kifahari anaweza kuwazuia wauzaji wake kutumia majukwaa ya watu wengine, ili kulinda heshima ya bidhaa. Na Januari 2019, Ujerumani iliutoza ushirika wa wauza baiskeli wa ZEG zaidi ya euro milioni 13 kwa kuwawekea wenye maduka bei za chini ambazo hawakuruhusiwa kuzivuka.

Hivyo si kila kizuizi kilikatazwa. Kilichotakiwa ni mtengenezaji asimame mbele ya mwamuzi asiye mshirika wake, aeleze sharti lake linalinda nini, na aonyeshe kuwa hakuna njia nyepesi zaidi ya kulinda jambo hilohilo.

Mnyororo mmoja, haki mbili

Wachimbaji wa Lualaba na waendesha baiskeli wa Ulaya wanaunganishwa na zaidi ya mfano. Betri nyingi za baiskeli za umeme zina kobalti, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Katika kanuni ya betri iliyopitishwa Julai 2023, Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri ya baiskeli ya umeme iweze kutolewa na kubadilishwa na fundi yeyote huru, si wa mtengenezaji peke yake. Betri za akiba zipatikane kwa bei ya haki kwa angalau miaka 5, na programu ya kompyuta isitumiwe kuzuia matengenezo.

Kanuni hiyohiyo inazitaka kampuni kubwa zichunguze kobalti yao ilikotoka na mazingira ilimochimbwa. Sehemu hiyo ilipaswa kuanza kutumika Agosti 2025, lakini imesogezwa hadi Agosti 2027. Kwa kalenda hiyo, mwenye baiskeli atapata haki ya kuchagua fundi miezi 6 kabla ya kampuni kulazimika kuuliza habari za aliyechimba madini ya betri yake.

Lakini lawama yote isipelekwe Ulaya wala China, kwa sababu mlango mkubwa zaidi umefungwa na Kinshasa. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018. Kwa amri ya Novemba 2019, serikali iliipa Entreprise Générale du Cobalt, EGC, iliyo chini ya Gécamines, haki ya pekee ya kununua kobalti yote ya wachimbaji wadogo nchini. Kampuni ilizinduliwa rasmi Machi 2021. Kisha Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na kuanzia Oktoba 2025 ikaweka mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Bei ya dunia ilipanda kwa nguvu.

Nchi ina haki ya kulinda bei ya mali yake. Lakini kama mchimbaji hana mnunuzi mwingine, na hajui bei ya siku, faida ya mgawo huo inaweza kupanda ndege kwenda Kinshasa bila kupita Kasulo.

Watetezi wa mnunuzi mmoja wana hoja nzito. Soko lenye wanunuzi wengi halikumtajirisha mchimbaji. Depo zilikuwa nyingi, lakini kila depo ilikuwa na mizani yake na mashine yake ya kupima ubora wa madini, ile inayoitwa Metorex kila mahali Kolwezi. Ripoti ya mwaka 2016 ilieleza kuwa wachimbaji hawakuwa na njia huru ya kuhakiki uzito wala ubora wa walichouza. Mwenye mizani ndiye aliyekuwa mwenye bei. Hoja hii ni ya kweli, lakini dawa yake ni mizani huru. Kuondoa depo zote na kubakiza moja, huku mizani ikiendelea kuwa mikononi mwa mnunuzi, ni kubadilisha jina la tatizo.

Kongo haihitaji kuazima sheria Paris. Sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inakataza makubaliano yanayobana soko na matumizi mabaya ya nguvu ya soko. Sheria ya migodi nayo inamtambua mchimbaji mwenye kadi kama mtu anayeuza mali yake, si kibarua wa anayenunua. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitumia sheria hizo langoni mwa mgodi.

Mambo manne yanaweza kuanza bila kusubiri bunge. Bei ya siku ibandikwe kwenye kila lango, kwa Kiswahili na kwa faranga, pamoja na maelezo ya namna ilivyokokotolewa kutoka bei ya dunia. Uzito na ubora upimwe na mtu asiyelipwa na mnunuzi, na mchimbaji awe na haki ya kipimo cha pili. Mnunuzi wa pekee asipofika au akikosa fedha, ushirika uruhusiwe kumuuzia mwingine mwenye kibali, mzigo ukiwa na hati zilezile za kuonyesha ulikotoka. Na haki hiyo ya pekee iwekewe tarehe ya mwisho, ili EGC irudi mbele ya tume ya ushindani na kuonyesha imewafaidi nini wachimbaji kabla ya kuongezewa muda.

EGC inasema ipo kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Kama ndivyo, hakuna sharti hata moja kati ya hayo linaloidhuru. Msambazaji wa baiskeli alidaiwa sababu ya kumzuia mwenye duka kutuma mzigo kwa mteja. Anayemzuia mchimbaji wa Kasulo kuchagua mnunuzi wa gunia alilolipandisha kutoka shimoni kwa kamba anadaiwa sababu hiyohiyo, na aitoe hadharani.