Punda akilegea, musimpige



Leo tunaandika juu ya jambo ambalo mu mikutano watu wanalicheka ao wanalinyamazia, na mwisho wake ni mnyama anayeumia. Hatukupita kwa muda mrefu katika kooperative moja ya milimani, upande wa Kivu. Tulipofika tulienda kuangalia punda watatu ambao memba walipewa kwa kubeba mihogo na maharagi mpaka sokoni. Mmoja wao, dume aliyehasiwa, alikuwa na alama za fimbo kwenye mapaja na chini ya tumbo, karibu na uume. Tukauliza juu ya nini. Kijana aliyeshika kamba akajibu bila kuficha kitu: "Agronome, hii punda haina haya. Kila mara mama anamupangusa, anatosha kitu yake inje. Balisema balimukata, kumbe balitudanganya."

Komite ilikuwa imeshafikiri mambo mawili: kumwita veterinere amukate mara ya pili, ao kumuuza kwa wachinjaji. Mama aliyekuwa anamtunza tangu mwanzo alikuwa ameacha, sababu aliona haya mbele ya baba-mkwe wake ambaye nyumba yake inatazama kiwanja cha punda. Brosi ikabaki imetundikwa ukutani, punda akabaki mikononi mwa vijana na fimbo zao. Na yule mama, yeye akarudilia kubeba mihogo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, kama zamani.

Sisi tunasema wazi: yule punda hakuwa na kosa hata moja. Wala veterinere hakudanganya. Kosa la kwanza ni letu sisi maagronome na wafundi wa mashamba. Tulifundisha siku tatu nzima: uzito wa mzigo, namna ya kufunga tandiko, maji, kwato. Juu ya mwili wa punda na namna unavyosema, hatukufundisha kitu, sababu sisi wenyewe tuliona haya kusema neno "uume" mbele ya wamama. Sasa tunalisema.

Munajua ng'ombe. Kwenu ng'ombe na mbuzi ni wanyama wa tangu babu. Wenzetu wengine, kule Katanga na Ituri, wanawafunga maksai kwenye jembe la kukokota, wanawafahamu kama watoto wao. Lakini uume wa ng'ombe haujatengenezwa kama wa punda. Wa ng'ombe ni mwembamba na mgumu kila siku, na ndani ya mwili umejikunja kama herufi S. Hauonekani inje isipokuwa wakati wa kupanda jike. Kwa hiyo mufugaji wa ng'ombe akiuona inje, anajua bila shaka: huyu dume anataka jike. Iko sawa, kwa ng'ombe.

Punda na farasi wako tofauti. Uume wao ni wa nyama laini, na kuna musuli unaoushika ndani ya mfuko wake. Punda akiwa na wasiwasi, musuli unakaza, uume unabaki ndani. Akilegea mwili wote, na ule musuli unalegea, uume unateremuka na kuning'inia tu, laini, kama vile mudomo wa chini unavyoning'inia. Hautafuti kitu. Hata punda aliyehasiwa muzuri kabisa, makende yote mawili yametolewa, atafanya hivyo, sababu kuhasi kunaondoa makende, hakuondoi ule musuli. Anafanya hivyo wakati anasinzia kwenye jua la asubuhi, wakati anataka kukojoa, wakati veterinere amemupiga shindano ya kumutuliza, na sana sana wakati mutu anayemwamini anamupangusa na brosi.

Musome tena hiyo sentensi ya mwisho. Yule mama alikuwa anafanya kazi muzuri kuliko memba wote wa kooperative ile, na punda alikuwa anamwambia hivyo. Sisi tukamwachia afikiri kwamba ni aibu.

Punda amekuwa na watu katika Afrika tangu miaka elfu nyingi, lakini huku kwetu ni mugeni. Fasi nyingi za Congo nzi tse-tse na magonjwa anayobeba yalimuzuia, ndiyo maana babu zetu hawakutuachia ujuzi wa punda kama walivyotuachia wa mbuzi. Kwa hiyo tunamusoma punda kwa kitabu cha ng'ombe. Hapo njo matatizo yanaanza, na si juu ya uume tu.

Angalia mwili wote, usiangalie fasi moja. Punda aliyelegea kichwa chake kiko chini kidogo, karibu na urefu wa mugongo. Masikio yameanguka pembeni, kila moja linaenda upande wake. Macho yamefungwa nusu. Mudomo wa chini umelegea, wakati mwingine anatafuna bila kitu mudomoni. Mguu mumoja wa nyuma unapumuzika kwenye ncha ya kwato. Ukipita na brosi chini ya manyoya ya shingo ao kwenye bega, ananyoosha shingo, mudomo wa juu unacheza, ananuna kama mutoto anayekunwa mugongo. Mukiona hivyo, na uume umeteremuka, muendelee tu kupangusa. Hakuna kitu cha kufanya. Mutu akicheka, acheke, kisha mumueleze.

Punda mwenye wasiwasi kichwa kiko juu, shingo imekaza kama ubao. Pua zimefunguka, mudomo umebana. Weupe wa jicho unaonekana. Mukia umebanwa katikati ya mapaja. Masikio yamelala nyuma kabisa, ao yameelekea fasi moja na hayatoki hapo. Huyu ndiye hatari, na huyu uume wake hauonekani! Ndiyo maana tunasema fimbo ya yule kijana ilikuwa inafundisha kinyume: kila punda akilegea anapigwa, basi anajifunza kwamba brosi inaleta maumivu, na kesho yake akiona brosi atakaza mwili na kupiga teke. Kisha watasema punda huyu ni mubaya.

Kuna jambo lingine ambalo linadanganya hata sisi tuliosoma. Ng'ombe akiogopa anakimbia, utamwona. Punda akiogopa mara nyingi anasimama tu, hatikisiki, kama jiwe. Watu wanasema "ana kichwa ngumu", wanaongeza fimbo. Hapana. Anafikiri kama fasi ile iko salama. Mumupe dakika moja ao mbili, mumushike karibu na bega, asikie sauti anayoijua, halafu mumwombe tena hatua moja. Kusimama kwa woga na kusimama kwa raha vinaonekana sawa ukiwa mbali. Ukiwa karibu, gusa shingo: ya woga ni ngumu, ya raha ni laini.

Na kusimama kwa ugonjwa pia. Hapo muwe na akili sana. Punda hatoi kilio cha ugonjwa kama mbuzi. Akiumwa, anasimama kimya, kichwa chini, masikio chini, na mutu anasema "amepumuzika". Tofauti ni hii: aliyepumuzika ukimwita, sikio linageuka kwako, ukimupa majani, anakula. Mugonjwa hageuzi sikio, na majani anayaacha, ao anayaweka mudomoni bila kumeza. Punda ambaye hajakula siku nzima musingojee kesho. Mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe mpaka damu inajaa mafuta, na hiyo inaweza kumuua hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mudogo.

Sasa turudi kwa yule kijana, tusimunyime haki yake. Kuna siku punda aliyehasiwa uume wake unasimama kweli, unakuwa mugumu, unapigapiga tumbo. Hilo nalo ni la kawaida kwa jamaa yote ya farasi. Wale waliochunguza madume wameona kwamba jambo hilo linarudi mara nyingi kwa siku, karibu kila saa moja na nusu, hata kama hakuna jike karibu, na waliohasiwa nao wanalifanya. Linapita lenyewe kwa dakika chache. Kumupiga hakuliondoi, kunaongeza woga tu. Ukiwa unapangusa, simama kando, ngojea, endelea.

Kinachopaswa kuleta swali ni tabia nyingine: anafuatafuata majike akilia, anapanda, anauma shingo, anapigana na madume wengine. Hapo muulize maswali kwa utaratibu. Alihasiwa lini? Kama haijafika wiki sita, mumutenge na majike, sababu mbegu inaweza kubaki ndani kwa wiki kadhaa. Alihasiwa akiwa na umri gani? Aliyekatwa akiwa mutu muzima, ameshazoea kupanda, wengine wanabaki na tabia hiyo ingawa hawazalishi tena. Inafaa kuhasi mapema, kabla hajafikisha mwaka mumoja na nusu. Na swali la tatu: nani aliona makende mawili? Linachekesha, lakini kende moja linaweza kubaki tumboni bila kushuka, na kama mukataji mwenye haraka alitoa moja tu, huyo punda bado ni dume. Siku ya kuhasi, komite itume mutu mumoja ahesabu mpaka mbili na aandike mu kitabu. Yule punda wa kule milimani, kitabu kilikuwepo: mbili. Kumukata mara ya pili kungekuwa kutafuta kitu ambacho hakipo.

Jambo moja tu juu ya uume ambalo ni la haraka kweli: kama umeteremuka na haurudi ndani kwa masaa mengi, umevimba, ao una kidonda chenye nzi. Hilo si kulegea tena. Mumwoshe na maji safi ya baridi bila sabuni kali, mupake vazelini, mufunge kitambaa safi kipana chini ya tumbo kuubeba usining'inie, mumwite veterinere siku ile ile. Na fimbo inaweza kuleta jambo hilo hilo. Punda mwenzao aliyepigwa fasi ile anaweza kuvimba mpaka asirudishe kabisa.

Tulisema tunatoa maoni, basi tuyatoe. Kooperative nyingi zimeweka zamu: wiki hii punda yuko kwa familia hii, wiki ijayo kwa ile. Mutunza makuta wa kooperative ile alitueleza vizuri: punda ni wa memba wote, kila mutu amechangia, hakuna wa kumushika peke yake. Tunaelewa haki iliyo ndani ya maneno hayo. Lakini punda anayebadilisha mikono kila wiki hamujui mutu, na hakuna mutu anayemujua. Nani ataona kwamba leo sikio halikugeuka? Nani ataweza kusema hii ni raha yake, hii ni homa yake? Tunapendekeza mugawe mambo mawili: mzigo uzunguke kwa zamu, lakini mutunzaji abaki mumoja, na musaidizi mumoja, mwaka mzima. Yeye ndiye anapangusa asubuhi kabla ya tandiko, na jioni tandiko likitoka. Anayetaka punda wake kwa soko la siku ya pili, anamwomba mutunzaji, na mutunzaji ana ruhusa ya kusema hapana. Kazi hiyo ilipwe, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya mavuno ao ya franga za usafiri.

Na tunaomba mutunzaji huyo awe yule anayejua, si yule mwenye nguvu. Katika kooperative tulizoziona, mara nyingi ni mwanamke, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na mzigo mugongoni mbele punda hajafika, na ana sababu ya kumutunza. Basi wazee na baba-wakwe watusaidie hapo. Wakisema mbele ya watu kwamba hakuna aibu, aibu inaisha siku hiyo. Kule milimani mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo alikuwa anamushukuru?" Tukasema ndiyo, namna ya punda. Akacheka mpaka akakohoa, akatuma mutoto alete brosi.

Punda hajauzwa. Vidonda vinapona, bado anakaza mukia mutu akipita nyuma yake na kitu mukononi. Mama amerudi kumupangusa, akianzia kwenye bega, pole pole, na kwa sasa hafiki chini ya tumbo. Tutapita tena mwezi wa sita, barabara zikikauka, pamoja na veterinere. Kooperative zenye punda ziweke neno hili la mutunzaji mu mkutano mkuu mbele ya hapo, zituandikie majina mawili kwa kila punda, na kama brosi zimeisha, zituandikie na hilo.