MAONI: Gharama ya mguu haiishii hospitalini

Malaria na kuhara huzungumzwa katika kila mkutano wa afya kambini. Kuziba kwa mishipa inayopeleka damu miguuni hakutajwi, ingawa duniani wagonjwa wake wanazidi milioni 200. Mzee akisimama mara tatu njiani kwenda kuchukua posho, huku anashika kigimbi, huambiwa ni uzee. Lakini maumivu yanayokuja ukitembea na kuondoka ukipumzika yana sababu, hasa kwa mvuta tumbaku, mwenye kisukari au mwenye shinikizo la damu.

Katika hatua hiyo matibabu ni rahisi. Aspirini na dawa ya kupunguza mafuta katika damu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na si ghali. Zitolewe na mganga, maana aspirini ya kujinunulia sokoni inaweza kutoboa tumbo. Mazoezi ni bure: kutembea dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, unapumzika maumivu yakizidi kisha unaendelea. Na anayeacha tumbaku anabaki na pesa yake mfukoni.

Tukichelewa, kidonda hakiponi na kidole kinakuwa cheusi. Hapo inatakiwa rufaa. Kutoka kambi kama Nyarugusu, wilayani Kasulu, hadi hospitali ya kanda kule Mwanza ni mamia ya kilometa. Kamati ya rufaa inatazama mambo mawili: je, mgonjwa ana matumaini ya kupona, na gharama ni kiasi gani? Aliyechelewa anashindwa kwa yote mawili, kwa hiyo mara nyingi kinachobaki ni kukatwa mguu.

Ankara ya upasuaji huo inaandikwa. Nani anaandika mengine? Mama anayemwuguza mumewe wodini anaacha watoto kwa jirani na bustani bila maji. Magongo yanachakaa. Mguu wa bandia, kwa anayebahatika kuupata, nao unataka kutengenezwa na baadaye kubadilishwa. Fundi cherehani asiyeweza tena kukanyaga pedali anawategemea wengine kwa kila kitu. Hakuna bajeti ya afya inayoonyesha hasara hiyo, ndiyo maana kukata mguu kunaonekana nafuu.

Sisi tunaomba jambo dogo: kila mwenye kisukari avuliwe viatu anapokuja kliniki, miguu itazamwe, na mapigo ya damu yashikwe juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Vidole vya muuguzi vinatosha kwa kuanzia. Wauguzi watasema foleni ni ndefu, na ni kweli. Basi wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe kuuliza swali moja wanapopita nyumba kwa nyumba: ukitembea, mguu unakulazimisha kusimama? Anayejibu ndiyo aandikiwe kwenda zahanati wiki hiyo hiyo, kabla hajapata kidonda.