ULIZA MWALIMU: Mawingu yanayong'aa usiku

Swali la mwezi huu limeletwa na mama mmoja ambaye kijana wake alipata safari ya Kanada, anaishi Edmonton. Mwezi wa saba alimtumia mama yake picha kwenye simu. Ni kama saa sita za usiku, chini kuna giza, lakini upande wa kaskazini kuna mawingu meupe yenye rangi ya buluu, yanang'aa kama wavu wa samaki uliotandazwa. Mama hakulala. Sisi tuliokimbia, mwanga angani usiku haujatuletea heri. Na majirani wakaongeza: eti ni moshi wa sumu, eti ni dalili ya mwisho.

Mama, tulia. Si moto, wala si bomu. Ni barafu.

Mawingu yetu ya mvua hukaa chini ya kilomita 20. Hayo ya Kanada yako kilomita 80 hivi juu. Umeona jua likizama, bondeni giza limeingia lakini kilele cha mlima bado kina mwanga? Ndivyo ilivyo. Mwanga ule ni wa jua lenyewe.

Yalianza kuandikwa sana mwaka 1885, miaka 2 baada ya volkano ya Krakatoa kule Indonesia kulipuka. Mjerumani Otto Jesse na wenzake waliyapiga picha kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja. Jaribu hivi: simamisha kidole mbele ya uso, funga jicho moja, halafu lingine. Kidole kinaonekana kuhama. Kwa njia hiyo hiyo walipima, wakapata kilomita 82.

Sasa faida yake ni nini? Huko juu puto halifiki, satelaiti haiwezi kuzunguka chini namna hiyo, na roketi hupita kwa dakika chache tu. Kwa hiyo wingu lenyewe linatupa habari. Likionekana, tunajua huko kuna baridi kali, kama digrii 120 chini ya sifuri au zaidi. Cha ajabu, baridi hiyo huja wakati wa kiangazi cha huko kwao. Hewa hupanda, hutanuka, hupoa. Ukitoa upepo kwenye tairi la baiskeli, si unasikia ubaridi kwenye kidole? Ni jambo hilo hilo. Hapa kwetu karibu na ikweta hewa ya juu haifikii baridi hiyo, ndiyo maana hatuyaoni.

Barafu inahitaji maji pia. Sehemu ya maji hayo hutokana na methani, gesi ya ng'ombe, mashamba ya mpunga, takataka na visima vya mafuta. Tangu viwanda vianze, methani hewani imezidi mara mbili. Mvuke huko juu umeongezeka, na mawingu haya yanaonekana kirahisi zaidi. Satelaiti ya Marekani iitwayo AIM iliyachunguza kuanzia 2007 hadi 2023.

Hata leo wataalamu wanapokea taarifa za watu wa kawaida. Basi mama, mwambie kijana aandike tarehe, saa, na upande alioyaona. Na umpigie. Mtoto aliyesimama nje peke yake saa sita za usiku, akakukumbuka wewe, anastahili kusikia sauti yako.

Tuonane mwezi ujao. Leteni maswali.