Michezo ya masika Kigali: mchuuzi wa mpakani asibaki nje ya uwanja

Mvua za masika, ambazo Wanyarwanda huziita itumba, hazina sifa nzuri kwa mtu wa biashara. Barabara zinateleza, nyanya zinaharibika njiani na wateja wanakimbilia nyumbani mapema. Lakini kwa sisi wapenzi wa michezo hapa Kigali, hakuna miezi minono kama hii. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Juni tunapata mbio za baiskeli, mpira wa kikapu, marathoni na siku za mwisho za ligi ya soka, moja baada ya nyingine. Hoja yangu ni fupi: kalenda hii ya michezo ni kalenda ya biashara pia, na mchuuzi anayevuka Gatuna, Rusumo, Kagitumba au Rubavu anastahili kuhesabiwa ndani yake. Kwa sasa anahesabiwa kidogo mno.

Tuanze na baiskeli. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, ikaingia katika mashindano yanayotambuliwa na shirikisho la baiskeli duniani mwaka 2009, na ikapandishwa daraja mwaka 2019. Uzuri wake ni kwamba haina tiketi. Mwenye gari kubwa na mwenye kikapu kichwani wanasimama kando ya barabara moja, wanapiga makofi pamoja. Na mbio hizi hazikai Kigali tu. Kwa miaka mingi zimefika Musanze, Huye, Rubavu na Rusizi. Rubavu inagusana na Goma, na Rusizi inatazamana na Bukavu. Michezo inamfuata mchuuzi mpaka mlangoni kwake.

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Aliyekuwepo kwenye kile kilima cha mawe cha Kwa Mutwe, Nyamirambo, hatasahau umati ule. Lakini mchuuzi naye ana lake la kukumbuka. Kwa wiki ile shule za Kigali zilifungwa na watumishi wa serikali wakatakiwa kufanya kazi wakiwa nyumbani, kwa sababu barabara nyingi zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya mbio. Mwenye ofisi anaweza kufanya kazi sebuleni. Mwenye maembe na ndizi mbivu hawezi. Mzigo ukikwama nusu siku, faida ya safari nzima imekwenda.

Sisemi barabara zisifungwe. Mbio za baiskeli bila barabara ni ndoto. Nasema tangazo la kuzifunga limfikie dereva anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kabla hajavuka mpaka, si baada ya kusimamishwa na polisi akiwa ameshaingia mjini. Na limfikie kwa Kiswahili. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na ndiyo lugha ya barabara kuu zetu. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye vituo vya forodha ingeokoa mizigo mingi.

Kisha inakuja Aprili. Kuanzia tarehe 7 Rwanda huingia katika wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Michezo na burudani husimama. Wewe unayetoka nchi jirani, lijue hili na uliheshimu. Usipange kuleta bidhaa za sherehe wiki hiyo, na usishangae kukuta maduka yamefungwa wakati wa mikutano ya kumbukumbu. Jirani mwema hujua siku za msiba za mwenzake.

Mei ndipo mji huchangamka tena. Ukumbi wa michezo uliofunguliwa mwaka 2019, ambao leo unaitwa BK Arena, unachukua watu 10,000. Humo ndimo ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilipochezewa msimu wake wa kwanza mwaka 2021. Mei 2025 tuliwaona APR wetu wakicheza kundi moja na Nairobi City Thunder ya Kenya, hapa hapa Kigali. Kwa shabiki wa Afrika Mashariki hiyo ilikuwa raha ya aina yake: timu mbili za Jumuiya kwenye sakafu moja, na watu wa Nairobi wakiingia nchini kwa kitambulisho cha taifa tu, kama makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda yalivyoruhusu tangu 2014. Baada ya kikapu huja marathoni ya kimataifa ya amani, iliyoanza mwaka 2005, ambayo huleta wakimbiaji wengi kutoka kwa majirani zetu.

Sasa nauliza: mgeni huyo anakula nini, ananunua nini, na kwa nani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiangalia nani anapona, tunakuta hoteli, mabaa na kampuni kubwa zilizonunua haki ya kuuza ndani ya ukumbi. Anayeuza mishikaki, karanga, bendera na makoti ya mvua anafukuzwa mbali na geti. Mchuuzi wa Kabale mwenye matunda, au mama wa Rubavu mwenye mayai, hata hajui kwamba wiki hiyo mji una watu wengi zaidi.

Najua jibu la waandaaji. Watasema mashindano makubwa yanalipwa na wadhamini wakubwa, na mdhamini hataki karanga zisizo na jina mbele ya kamera. Hoja hiyo ina uzito. Mimi pia nataka michezo hii ibaki Kigali, na bila fedha itahamia kwingine. Fainali za BAL za mwaka 2025 zilichezwa Pretoria, si hapa. Lakini mdhamini amenunua ndani ya uzio, hakununua mji mzima. Pangeni eneo la soko la muda umbali wa kutembea kwa miguu, lenye usafi, vyoo na bei ya kibanda ambayo mchuuzi mdogo anaimudu. Mdhamini hatapoteza kitu, na shabiki atakula vizuri zaidi.

Tena tusisahau historia. Kombe la kwanza kubwa la soka katika ukanda huu, Kombe la Gossage, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, na jina lake lilitoka kwa kampuni ya kutengeneza sabuni. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuwa Kombe la Chalenji la CECAFA. Soka la Afrika Mashariki lilianza na watu waliokuwa wakitafuta soko la sabuni, muda mrefu kabla ya Jumuiya tuliyonayo sasa. Kwa hiyo anayesema biashara na michezo visichanganywe amechelewa miaka mia.

Na soka lenyewe linahitaji watu. Uwanja wa Amahoro ulifunguliwa upya Julai 2024 ukiwa na viti 45,000. APR na Rayon Sports wakikutana, unajaa. Siku nyingine nyingi viti vinabaki vitupu. Mwaka 2018 Rayon ilipangwa kundi moja na Yanga na Gor Mahia katika Kombe la Shirikisho la Afrika, na ikafika robo fainali. Mechi za namna ile zinaweza kujaza Amahoro kwa mabasi ya mashabiki kutoka Dar na Nairobi. Lakini shabiki huyo anahitaji kujua tarehe mapema, kununua tiketi kwa simu akiwa kwao, na kukuta mpaka uko wazi. Tuliona Gatuna ilivyofungwa Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Mpaka ukifungwa, mzigo haupiti, na shabiki hapiti.

Kwako wewe mchuuzi, nina mambo mawili. Kwanza, ujue sheria inayokulinda. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unakuruhusu kuvusha bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 bila ushuru wa forodha, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Matunda, mayai na karanga ndiyo mali ya kujaribu. Jezi iliyoshonwa Asia haimo, hata kama umeinunua Kampala. Wengi wameipoteza mali yao kwa kutolijua hili.

Pili, jiungeni. Mtu mmoja akienda kuomba kibanda anaonekana msumbufu. Ushirika wa wachuuzi 30 ukienda na barua, miezi mitatu kabla ya mashindano, unapokewa ofisini.

Mtihani mkubwa uko mbele. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Rwanda haimo kati ya waandaaji, lakini iko mlangoni mwa wawili kati yao. Mahindi, maziwa na vitambaa vya Rwanda vinaweza kwenda huko, na mashabiki wanaweza kulala huku. Ikiwa hadi wakati huo hatujajifunza kumpa mchuuzi mdogo nafasi katika michezo yetu wenyewe ya masika, tusitegemee kwamba wengine watampa katika yao. Ratiba itolewe mapema, kwa Kiswahili, na ibandikwe mpakani. Hilo halihitaji fedha nyingi, na linaweza kuanza msimu huu.